Kidumu Kwenye Keria

Kwetu mwenge ni moto, unakimbizwa mkoa hadi mkoa.
Huku, kwa Batooro, omwenge ni pombe ya ndizi,
na Kamwenge, mji tulioshukia basi,
nikadhani basi ni kapombe, kadogo tu.
Muuza chapati alicheka nilipomwambia hivyo.
Hakusema ndiyo, hakusema siyo.

Tulitoka kabla jua halijakausha umande,
mimi na dada yangu Nyamizi,
baiskeli mbili za kukodi: moja ina kengele, moja ina breki.
Lami tukawaachia malori na bodaboda,
tukashika njia ya miguu ubavuni mwa reli
ambayo treni yake ilikufa
sisi tukiwa bado tunahesabu mabehewa kwa vidole, kule Tabora,
baba akitoka zamu na taa yake ya mafuta.

Kimya.
Si cha makaburini. Kimya cha wali uliopaliwa makaa.
Mnyororo unasema yake, tk, tk, kila ufikapo jino lililolika,
majani ya migomba yanachanika taratibu
kama mtu anafungua barua asiyoiamini,
na katikati ya mataruma kumeota mahindi.
Mbuzi amefungwa kwenye reli.
Reli haiendi popote; mbuzi naye.

Kilomita ya tisa, au ya kumi, hatukuwa na kipimo,
harufu ikatusimamisha. Yaani ilinisimamisha mimi;
Nyamizi, asiye na breki, aliishia kichakani.
Wanaume wawili walikuwa ndani ya mtumbwi,
mtumbwi wa gogo zima, mbali na ziwa lolote,
wakikanyaga ndizi mbivu kwa nyasi,
magoti yakipanda na kushuka kama yetu.

Mwenye shamba, Bi Kabasinguzi, akauliza empaako zetu.
Hatuna, tukasema.
Alisikitika kana kwamba tumemwambia hatuna viatu.
Papo hapo akatugawia: Nyamizi akawa Akiiki,
mimi Abwooli, ambalo, alisema, lina upaka ndani yake.
Akatujazia kidumu cha lita tatu, juisi ya asubuhi ile,
akatia mtama wa kukaanga, konzi moja,
akaziba kwa gunzi la mahindi lililoviringishwa jani.
"Msikaze sana. Inapumua."

Tangu hapo tulipima safari kwa ulimi.
Kwenye daraja la chuma: tamu, ya mtoto.
Kwenye shule ya mabati, watoto wakitukimbiza
hadi mwisho wa uwanja wao na si hatua moja zaidi:
tamu bado, ila ina neno.
Usiku, kwa mwalimu Rwaheru aliyetupa mkeka: inakuna koo.
Nyamizi akasema, inafikiri.

Siku ya pili, mteremko.
Nyuma ya migomba Rwenzori ikaonyesha weupe kidogo,
ikajifunika.
Sikukanyaga pedeli kwa muda mrefu.
Nilitaka kusema jambo kuhusu baba,
kwamba utulivu huu tunaousifu kuna mtu aliulipia;
huku nako lazima yupo mpiga bendera
aliyeambiwa Ijumaa, rudisha kofia.
Baba aliirudisha. Filimbi akaificha ndani ya soksi.
Nyamizi alikuwa mbele, mstari mmoja wa tope mgongoni,
anaimba kitu kisicho na maneno.
Sikusema.

Stesheni tuliifikia mchana.
Kwenye jukwaa la abiria wameanika kahawa,
nyekundu ikielekea nyeusi.
Tukaegemeza baiskeli chini ya dirisha la tiketi.
Nilikuwa natafuta vikombe
gunzi likaruka,
likagonga bati la paa, likarudi,
povu likashuka kwenye keria, kwenye tairi, kwenye goti langu,
na kidumu kikalia, fyuuu,
kwa muda mrefu kuliko nilivyotegemea.

Bibi aliyekuwa akigeuza kahawa kwa reki aliinua kichwa.
Hakututazama sisi.
Alitazama mashariki, kule reli inakopotelea kwenye mahindi,
akangoja kidogo,
halafu akavuta kahawa yake
hatua mbili kutoka ukingoni.