Pete

Leo uso ni wangu. Naanza hapo.
Jana jicho la kushoto lilizibwa na nyama yangu mwenyewe,
na Tainá wangu, miaka sita,
alinibonyeza shavu kama apimaye unga ulioumuka.

Huku bondeni Jequitinhonha waliita mzio.
Wakanikataza mayai, njugu, paka wa jirani.
Nikiwa na miaka kumi na minne wakanipasua tumbo:
utumbo mzima. Wakanishona, wakanyamaza.

Bibi Osmarina alikufa kwa jino.
Liling'olewa asubuhi; jioni koo likafunga mlango.
Kwenye cheti waliandika: moyo.
Moyo! Ule uliobeba watoto tisa na jembe.

Jina la ugonjwa nililipata Belo Horizonte,
saa kumi na moja ndani ya basi, miaka thelathini na mitatu ndani ya mwili.
Daktari alichora ukoo wetu, miraba na duara,
akapaka wino mmoja mmoja,
mpaka kalamu ikamfikia Tainá.
Ikasita.

Sasa dawa yangu inakaa mahakamani.
Kila miezi mitatu jaji anauliza kama bado naumwa.
Bado, mheshimiwa. Damu haikati rufaa.

Kwenye foleni niliongea na mama mmoja wa mjini:
sindano mbili mkobani, kando ya rangi ya mdomo.
Mimi ninayo moja,
kwenye friji, nyuma ya maharage,
na tangu alfajiri kidole kinakaza.

Nimevua pete. Kidole si koo.
Nangoja.