Namba Mia Nne na Saba

Tulipovuka Ugalla kwenda Vita vya Masika Tisa
karani alituvua vivuli pale kivukoni,
akavikunja kama majani ya tumbaku,
akavipiga lakiri, akaandika namba.
"Mwenye kivuli huonekana na wale," alisema.
Tulicheka. Tulikuwa vijana. Nilihisi wepesi
wa mtu aliyetua mzigo ambao hakujua kuwa anao.

Sitasimulia vita.
Waliokwenda wanajua joka la moshi lilivyokimeza
kikosi chote cha Usoke, na viatu vyao.
Wasiokwenda wana haraka, wanataka mwisho.
Mwisho ulikuwa hivi: asubuhi moja hakuna aliyetupigia tarumbeta.
Tukarudi kwa miguu, kisha kwa garimoshi,
tukapanga foleni stesheni ya Tabora
mbele ya dirisha la tiketi.

Karani alikuwa mwingine. Daftari lilikuwa limelowa.
Akanipima kwa jicho,
akanisukumia furushi kama fundi cherehani
anayetaka kufunga duka.
"Mia nne na saba. Weka sahihi hapa."
Nikavaa. Kilinibana mabegani.

Kalunde ndiye aliyeona kwanza.
Usiku ule, kibatari kikiwa kati yetu,
mimi namega ugali kwa mkono wa kulia,
kule ukutani mtu anamega kwa kushoto.
Mtu mfupi. Shingo nyembamba. Masikio ya mtoto wa shule.
Kalunde hakusema neno. Aliongeza mlenda bakulini,
kisha akaisogeza taa polepole
kama anayemsogezea mgeni kigoda.

Nyuki wa Ipole walinikataa.
Mizinga ya gome niliyoitundika kwa mikono hii
ilinitoa mbio mchana kweupe.
Nyuki hunusa jasho lako, ndiyo, lakini husoma kivuli chako.
Sasa narina usiku usio na mwezi,
saa ambayo sote tu sawa.

Nilikitafuta changu. Mnadani Sikonge, kwenye mizani ya asali,
Urambo msimu wa tumbaku,
natazama chini kama aliyedondosha shilingi.
Ndivyo tunavyojuana, sisi tuliorudi: tumeinama.
Mpandachalo anacheka baoni, kivuli chake kinalia kwa mabega.
Nsabi hana kabisa. Namba yake ililiwa na mchwa.

Nilikikuta Igalula.
Nilikijua kwa kinavyoinamisha kichwa kikisikiliza.
Kilikuwa kimesimama kwa miguu miwili
chini ya mtu wa mguu mmoja, muuza viberiti.
Aliniona natazama. Akaacha kuhesabu chenji.
"Ni chako," alisema. "Nilijua utakuja.
Ngoja kwanza nikae chini."
Akaanza kupapasa ukuta kwa kiganja.

Nikanunua viberiti viwili.
Nikamwambia jua kali, macho yamenidanganya.

Jana Kalunde alitoa matobolwa ya mwaka jana.
Akanipa yangu, akaweka kipande kimoja mchangani
pale ulipoangukia mkono wa kushoto wa mtoto yule.
"Unaitwa nani?" akauliza. Hakuniuliza mimi.
Kuku akaja kudonoa.
Mikono yangu ilikuwa imetulia magotini.
Ule wa mchangani ukanyanyuka, ukamfukuza.