Mita Mia Tatu na Kumi

Ermanno alichagua hoteli kwa rula.
Miaka thelathini na minne amepima mashamba ya watu kule Cuneo,
akipigilia vigingi, akiamua ugomvi wa ndugu kwa utepe,
na sasa, jikoni, katandaza ramani ya Genova
juu ya kitambaa chenye doa la kahawa,
kasukuma bakuli la sukari pembeni,
kaweka ncha ya rula gatini.

Hoteli saba daftarini mwake.
Ya kwanza ina kifungua kinywa, ila huanza saa mbili,
na saa mbili sisi tutakuwa foleni.
Ya pili ina maegesho; gari tuliuza.
Ya tatu, mtu alimwambia kwa kinyozi, godoro lake
linamkumbuka kila aliyewahi kulilalia.
Ya nne ilikuwa nzuri. Ya nne ilikuwa nzuri sana,
ndiyo maana bei aliifunika kwa kidole gumba.

Mimi nilitaka kitu kimoja: dirisha lenye bahari.
Nimezaliwa uwandani, kwenye mahindi na ukungu;
nina miaka sitini na tisa, bahari nimeiona mara nne,
zote nimeshika mkono wa mtoto wa mtu.
"Utaiona siku saba mfululizo," akasema,
"mpaka uichoke. Hapa ni pa kulala tu."
Nikanyamaza.
Ananijua nikinyamaza.
Akaongeza yuro kumi na mbili.

Mita mia tatu na kumi, akaandika, akapigia mstari.
Rula haisemi uongo. Ila pia haipandi ngazi.
Kutoka stesheni tulihesabu mia moja sitini na mbili,
kichochoro chembamba, ukuta kulia, ukuta kushoto,
masanduku mawili, la kwake bovu gurudumu,
likigonga kila jiwe kama mdai aliyechoka kupiga hodi.
Wilmer, kijana aliyekuwa akishusha kreti za maji,
wazazi wake wa Ekuado, lafudhi yake ya hapahapa,
alilitia langu begani bila kuuliza,
akamwachia Ermanno lake, na heshima yake.

Bi Delfina wa mapokezi alitutazama viatu kwanza.
"Meli?"
"Meli."
"Wote meli. Genova haji mtu. Wanakuja kulala."
Akatupa ufunguo wenye kipande cha shaba,
kizito kama deni.

Na kweli, kati ya ghala na jengo la waridi lililofifia,
bahari ilikuwepo. Upana wa taulo.
Nikavuta kiti, koti sikuvua.
Taa moja iliingia kwenye kile kipande, ikapita taratibu,
ikatokea upande wa pili ikapotea,
nami nikaihesabu kuwa yangu.
Ermanno alishaanza kukoroma, soksi miguuni.

Alfajiri naamka, bahari haipo.
Pale penye taulo langu pana weupe mtupu.
Nikadhani jirani kaanika shuka.
Kisha shuka likawa na madirisha,
safu juu ya safu, na katika moja
mwanamume wa fulana, mswaki mdomoni,
anatutazama: mapaa, nyaya, njiwa,
na bibi aliyelala na koti lake kitini,
anatutazama kwa utulivu
wa mtu anayekagua alicholipia.

Nikampungia. Akautoa mswaki, akanipungia nao.

"Imefika?" Ermanno, uso bado umo mtoni.
"Imefika."
"Na bahari unaiona?"
Yuro kumi na mbili ni pesa.
"Naiona," nikasema.
Alikuwa keshainama kutafuta viatu,
mnyofu wangu wa vigingi na utepe,
asijue bado kwamba ngazi za kushukia,
zilezile, tukizihesabu wote wawili kwa sauti,
zitakuwa mia moja sitini na tatu,
na kwamba hadi meli inang'oa nanga
atakuwa ukingoni, mgongo kaupa maji,
anatafuta kwa macho kule mlimani
ni ipi tuliyoiruka.