Kaya Namba Kumi na Nne

Chaji imebaki asilimia thelathini
na kaya sita upande huu wa Chali sijazifikia.
Nasoma kama nilivyofundishwa, bila kuongeza neno:
mwanakaya ni yule aliyelala hapa, akala chungu kimoja nanyi,
miezi sita au zaidi katika kumi na miwili iliyopita.

Mama Sechelela anapeta uwele. Haachi kupeta.
"Mimi. Sechelela. Ndahani.
Mtoto wa marehemu mdogo wangu, mwandike Nhonya.
Na Mazoya."

Mazoya yuko wapi leo?
"Chunya, kwenye dhahabu."
Tangu lini?
"Tangu ule mwaka mtama ulipoungua shambani."

Nahesabu kimoyomoyo: miaka mitatu.
Nasoma tena ile fasili, polepole,
kana kwamba kosa ni la masikio yake.

Ungo unasimama.
"Bakuli lake lile pale.
Hakuna mwingine anayelilia."

Neno moja, mizigo miwili,
na kishikwambi hakina kisanduku hata cha mmoja.
Themanini na nane: hajui.
Tisini na tisa: amekataa kujibu.
Anayejua sana hakupewa namba.

Nikaandika wanne.

Majembe? Mawili, moja lina mpini.
Mbuzi? "Wetu, au tunaotunzia watu?"
Katika siku saba zilizopita, nyama mmekula siku ngapi?
Hapo akacheka, vumbi la pumba likaruka usoni pangu:
"Weka ile ya hajui."
Nikamwachia mche wa sabuni, shukrani ya mradi.

Sasa ni usiku, Dodoma, chumba cha kompyuta.
Dakta Mahimbo ameagiza data isafishwe kabla ya Ijumaa
nami nasafisha, kola yangu nyekundu kwa udongo wa Bahi.
Kaya ya kumi na nne haina doa:
watu wanne, majembe mawili.
Kishale kinapepesa kwenye mstari wa tano,
mtupu,
kinapepesa tu.

Simu. Mama, kutoka Kinampanda.
Alizeti imeshuka bei, anasema, na paa la jikoni limeng'oka upande.
Namkatiza:
Mama, akija mtu kukuuliza hapo nyumbani mko wangapi, utamjibuje?

"Nani aje huku kuniuliza hayo?
Umekula lakini?"