Kilo Tatu za Umande

Ghala la Pongwe lina mizani moja,
na miaka ishirini na sita Singano alisimama kando yake,
penseli nyuma ya sikio, daftari la kaunta kwapani.
Robota la mkonge likipandishwa hakukimbilia namba.
Alilipapasa ubavuni
kama mama anayepima homa kwa kiganja,
ndipo akaandika.
Safu ya mwisho ya daftari haikuwa na jina:
masika, tatu; vuli, mbili; kiangazi, kistari.

Mimi nilikuja na kompyuta kibao.
Mkataba wa miezi sita, kuanzia Februari,
siku ileile walipochinja mbuzi wawili
wakatugawia fulana zilizoandikwa TUNAHAMIA KESHO.
Yangu ilinipwaya. Ya Singano ilimbana.
Mshauri, Bwana Kahigi, alishuka saa nne,
akatuonyesha ukutani mshale, duara, mshale,
akauliza, "Kuna swali?"
Jenereta ilikuwa inanguruma.
Saa tisa kiti chake kilikuwa kitupu.
Tanga tuna neno kwa hayo, tena la zamani:
waja leo, waondoka leo.

Sikatai, kitu chenyewe kilikuwa kizuri.
Jumla ilijijumlisha.
Meneja aliketi Chumbageni, chai mkononi,
akaona robota zetu zinapanda kama mpunga.
Ila nafasi zilikuwa nne tu:
namba, daraja, tarehe, uzito.
Singano akanisogelea, sauti chini,
kama mgeni anayeulizia choo:
"Na ile yangu naiweka wapi?"
"Ipi?"
"Umande."

Nilipiga simu Dar. Wakasema, toleo la pili.
Basi nikaandika kwenye Maoni: umande 3,
umande 3, umande 3,
masika nzima, robota kwa robota.
Baadaye sana nikaja kujua
kwamba Maoni hayakuunganishwa na chochote.
Lilikuwa sanduku la posta lisilo na mwenyewe.

Mtandao ukikatika, tuliandika daftarini.
Ukirudi, nilinakili hadi saa tatu usiku, mbu wakinisimamia.
Neno la siri tuliliandika kwa chaki nyuma ya mlango,
maana lilibadilika kila mwezi na sisi tulikuwa saba.
Kazi moja ikawa mbili,
na ripoti ikasema tumeokoa muda.

Agosti, mnunuzi akaipima upya shehena ya masika.
Robota mia nne.
Pungufu, kilo elfu moja na mia mbili.
Chumbageni wakatazama kioo; kioo hakina doa.
Kama mashine haisemi uongo, wakasema,
basi mwongo ni mtu.
Wakamwita Kaniki, mlinzi wa usiku,
wakamtaka aeleze singa tani nzima na ushee alizipitishia wapi.
Kaniki akawaonyesha baiskeli yake.
Barua ya kufukuzwa aliitia dole gumba,
kwenye karatasi.
Hiyo hawakuihamishia popote.

Nilipanda na daftari hadi kwa meneja.
Akalifunua kwa ncha ya kidole, akasoma tatu, tatu, tatu,
akasifu mwandiko.
"Lakini huu ni mwandiko wa mtu," akasema,
akanirudishia.
Nikashuka ngazi nimelikumbatia, mkataba wangu una siku tisa.

Nasikia Januari wanaleta mfumo mwingine,
wenye nafasi kumi na moja. Fulana za kijani safari hii.
Singano sijui kama ameulizwa.
Mbuzi, nadhani, wameshatafutwa.

Kaniki anaponda kokoto Amboni.
Nilimkuta soko la Mgandini akichagua dagaa,
vidole vyeupe kwa vumbi la mawe.
Hakunigombeza. Aliuliza tu:
"Wewe ulijua?"
"Niliandika," nikamwambia.
Akangoja kidogo, dagaa mkononi.
"Wapi?"