Kabla ya

Santuri yetu ilikuwa na kovu.
Makokha aliikanyaga kwa kiatu cha shule
wiki ileile baba alipoleta gramafoni ya mkopo,
na tangu hapo, kila Jumamosi, Makongeni, mlango wazi,
bendi ilifika katikati ya ubeti wa pili
ikakwama:

nitarudi kabla ya
kabla ya
kabla ya

mpaka mama atoke jikoni, mikono ina mafuta,
aisukume sindano kwa kidole cha mwisho,
na mwimbaji aruke, atue ng'ambo,
aendelee na habari za mlango na kufuli
kama mtu aliyevuka mtaro bila kulowa.

Kabla ya nini, hatukujua.
Mimi nilidhani mvua.
Makokha alisema Krismasi; kwake mwaka mzima
ulikuwa kabla ya Krismasi.
Mama hakusema kitu. Aliweka shilingi
juu ya mkono wa gramafoni, uzito uisaidie sindano,
mpaka jioni moja shilingi ile ikaenda kununua kiberiti.

Laini nzima iliujua wimbo hivyo, na kovu lake.
Wasichana waliruka kamba kwa kovu lile:
kabla ya, kabla ya, kabla ya,
tatu, hazipungui.
Ukiruka mbili umetoka.

Nimerudi Julai, baridi ya kung'ata masikio,
miaka ishirini na sita ya Lusaka mgongoni.
Nyumba yetu ina mlango wa bluu sasa
na kijana aliyeniuliza namtafuta nani.
Nikamwambia nimepotea kidogo.
Akanielekeza stendi, kwa upole, kwa mkono mzima,
mimi niliyechimba shimo la gololi
hapo hapo alipoegesha pikipiki yake.

Luthuli, ngazi tatu juu, kwa fundi Kivuva,
harufu ya risasi iliyoyeyuka na chai.
Redio zimefunguliwa matumbo.
Nilimtajia wimbo kwa aibu, kwa kuuvumisha puani,
akapiga magoti chini ya meza,
akaibuka na santuri, lebo ya kijani, safi
kama sahani ya wageni.

Akaiweka.
Gitaa la pili likaingia kwa kuchelewa, vilevile.
Ubeti wa pili. Nikashika ukingo wa meza.
Mwimbaji akafika pale pale
akapita.

Nitarudi kabla ya maziwa kuchacha.

Maziwa.
Miaka arobaini nimebeba mvua,
kumbe maziwa.
Makokha amelala Lang'ata na Krismasi yake,
hakuna wa kumpelekea habari.

Ndipo mama mmoja, aliyekaa kwenye stuli
blenda magotini, akingoja waya,
akasema bila kuinua kichwa: Hapana, siyo hivyo.
Akagonga kifuniko kwa kucha,
kabla ya, kabla ya, kabla ya,
na mguu wake, ndani ya kiatu cha ofisi,
ukanyanyuka kidogo mara tatu.

Sikumuuliza jina. Sikumuuliza kwao.
Nilimuuliza: nyumba ya ngapi?
Akanitazama sasa, polepole,
kama anayesoma barua iliyolowa.
Kumi na nne, karibu na bomba.
Syombua, wa dereva wa kreni.
Na wewe, usiniambie,
wewe ni ndugu ya yule wa kiatu.

Tuliongea mpaka Kivuva akawasha taa.
Ya bomba, ya nani alikufa,
ya mama yangu aliyemkopesha yake sukari
na hakudai, au alidai, hatukukubaliana.

Kivuva akauliza kama nanunua.
Elfu moja mia tano, haina mkwaruzo hata mmoja.
Nikahesabu noti.
Kisha nikamuuliza kama ana msumari.

Alidhani natania.
Syombua hakudhani.