Futi ya Mama

Kwenye jalada la nyuma la daftari la Jiografia
nimeandika majina saba, na mbele ya kila jina bei,
na mbele ya kila bei alama ya kuuliza.
Laki saba na arobaini. Miezi kumi na minne
ya kuosha bodaboda pale Tabata Bima,
Jumapili nikiosha hata za wasionilipa.

Yusto, ghorofa ya pili Mtaa wa Aggrey,
juu ya duka la mapazia,
hana haraka ya kuuza. Kwanza anauliza:
"Prosesa yako inakaa kiti gani?"
Nikasema, chochote.
Akacheka mpaka akaweka kikombe chini.

"Huyu si abiria, bwana mdogo.
Ana pini elfu moja mia tatu thelathini na moja,
na kila pini ina tundu lake kwenye mazabodi.
Ukimlazimisha hapigi kelele.
Anapinda tu, kimya, na hela yako inapinda naye."

Akatoa vipande viwili vya RAM, vya kijani,
mapacha, hata vumbi lao moja.
"Tofautisha."
Nikashindwa. Akanionyesha pengo:
la huyu karibu na katikati, la yule limesogea
kama jino lililong'oka upande mwingine.
DDR3, DDR4.
Ndugu wa tumbo moja wasiolala kitanda kimoja.

Lakini ile kadi ya picha, jamani.
Feni tatu. Nyeusi, ukingo mwekundu.
Nilishaipenda kabla sijamaliza ngazi.
Yusto akasema ina njaa,
na pawa saplai niliyochagua ni ya wati mia nne:
"Unataka kulisha harusi kwa sufuria ya watu wawili."
Nikasikia. Nikanunua vingine vyote
nikamwomba aniwekee ile mpaka Ijumaa.
Akaandika urefu wake nyuma ya risiti, bila neno.

Usiku, kesi tupu juu ya meza ya mama,
kati ya sare za shule zisizo na vifungo.
Mama hajui gemu. Anajua vipimo.
Akavua futi shingoni, akaishusha ndani ya kesi
kama anavyopima mabega ya mtoto anayekua,
akaacha upana wa kidole ("nyaya nazo si zinapita?")
kisha akageuza risiti, akasoma.
"Humu ishirini na nane. Huyu wako thelathini na moja na nusu.
Utamkunja wapi?"

Nikasema nitakata bati.
Akauma uzi. "Kitambaa kizuri
hakipunguzi tumbo la mtu."

Ijumaa nilichukua ya feni mbili.
Haina ukingo mwekundu, haina hata boksi.
Sentimita ishirini na tatu, njaa ya wastani.
Yusto akaifunga kwa gazeti la juzi
na chenji nikanunulia umeme wa LUKU,
maana huo nao
haukuwamo kwenye jalada la daftari.

Saa tano usiku nikabonyeza.
Kimya.
Nikachomoa RAM, nikarudisha. Nikamulika pini kwa simu.
Nikamkumbuka kila mteja aliyenidhulumu.
Mama, bila kuinua macho kwenye cherehani:
"Na huko ukutani umewasha?"

Feni zikaanza polepole, kisha zikakaza mwendo,
na vinyuzi vya bluu vya sare za watu
vikaanza kutambaa mezani, kimoja kimoja,
kuelekea kwenye kesi.

Mama akavitazama.
"Hilo tundu la mbele," akasema, futi tayari mkononi,
"litataka pazia."